Fungu la Siulizwi

Mtoto alikuwa analilia jina. Bibi Anganile aliligundua hilo pale mlangoni, kabla hata hajatua kapu lake la viazi, na alilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa.

"Huyu hana homa wala tumbo halimsumbui. Analilia jina, basi. Mmemfungia kwenye sanduku la kioo tangu juzi kama mtoto asiye na watu."

"Ni kiota, Bibi," Tusekile alisema. "Na usiseme kwa nguvu, kinasikia."

"Kisikie tu. Kwani namtukana nani?"

Tusekile hakuwa na nguvu za kubishana. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kitenge mabegani, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Binti yake alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo wa kuenea kwenye viganja viwili, na mapafu yake yalikuwa bado hayajajua kazi yao. Kila mtoto mchanga wa wodi ile aliwekwa kwenye kiota, naye kilimpa joto na hewa. Ukingoni mwa kioo kulikuwa na taa nyembamba, na taa hiyo ndiyo akina mama wote wa wodi ile waliyoitazama kutwa nzima. Ikiwa buluu, mtoto yuko salama. Ikiwa njano, muuguzi anaitwa. Ikiwa nyekundu, mtoto anahamishiwa nyuma ya pazia, na hakuna mama aliyewahi kuulizwa kama anataka kufuata.

Ya mtoto wa Tusekile ilikuwa buluu. Kilio tu ndicho kilichokuwa kinamwogopesha, kwa sababu kila kilipozidi, kifua kile kidogo kilibonyea kwa ndani na midomo ikabadilika rangi.

"Ameshapewa jina?" Bibi aliuliza.

"Bado. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Hapo Tusekile alisema nusu ya ukweli. Alimsubiri Bibi kwa heshima, maana katika ukoo wao mtoto hapewi jina mkubwa akiwa njiani. Lakini jina alikuwa nalo tayari kichwani: Upendo. Nusu ya watoto wa mji wa Ikangala waliitwa Upendo. Muuguzi akiita jina hilo kwenye korido, jinsi watu wanavyogeuka ni kichekesho. Nao wazazi hawakulichagua kwa uzuri wake. Tangu Miaka ya Kiza, umeme, dawa na joto viligawiwa na Mlezi, na Mlezi ni mtambo, hauna njia ya kujua mtoto aliyezaliwa leo atakuwa mtu gani. Kwa hiyo uliangalia waliotangulia kuitwa jina lake. Wenye jina moja walikula chungu kimoja. Chungu cha Upendo kilikuwa kimejaa miaka ya maelfu ya watu, wazee na vijana, wenye afya na wagonjwa, na mtoto yeyote aliyechotewa fungu lake humo hakukosa.

Bibi Anganile hakuyajua hayo kwa undani, wala hakutaka kuyajua. Yeye alikuwa mtu wa nje. Tangu usichana wake aliishi juu mlimani, ambako Mlezi hauna waya wala sikio, akilima viazi na kuota moto wa kuni. Mlezi haukuwa na jina lake. Mjini alikuwa anashuka kwa nadra, na kila akishuka alikuwa mwepesi kukasirika.

Alinawa mikono, akaipitisha kwenye tundu la kioo, akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto. Kisha akaanza kuwataja marehemu, taratibu, kama ilivyokuwa ikifanyika tangu enzi. Anayetajwa mtoto akanyamaza, huyo ndiye anayeomba kuitwa.

"Ni wewe, Kissa, mama wa baba yangu?"

Mtoto alilia.

"Ni wewe, Tupokigwe, uliyekuwa na sauti nzuri? Ni wewe, Subilaga?"

Mtoto alilia zaidi. Bibi alipita ukoo mzima wa baba, akarudi kwa mama, akawagusa hata wajomba ambao hakuna aliyekuwa akiwapenda. Tusekile alisikiliza akisinzia. Alijua kiota kinapokea jina pale mtoto anapotulia. Waliokitengeneza walikifundisha hivyo makusudi, ili kuheshimu mila. Alijua pia kwamba majina yote aliyokuwa akiyasikia yalikuwa ya watu walioishi wakazeeka, yenye mafungu ya kutosha. Akajiambia, lolote litakaloshika si baya. Uchovu ndio uliomdanganya.

Bibi aliinamia kioo.

"Basi ni wewe," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Ni wewe, Siulizwi?"

Mtoto alikata kilio. Kifua kikatulia, vidole vikafunguka, na wodi nzima ikawa kimya kiasi cha kusikika mvua ikidondoka kwenye mabati.

"Mwe!" Bibi alicheka huku machozi yakimtoka. "Kumbe ni wewe, mdogo wangu."

"Jina limepokelewa," kilisema kiota, kwa ile sauti ya upole ya mtangazaji anayesoma salamu redioni.

Taa ikageuka njano.

*

Taarifa ya jina husomwa kwenye sikio la mama peke yake, kwa kidude ambacho muuguzi humvisha siku ya kwanza. Tusekile aliisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kioo.

"Siulizwi. Uenezi: nadra sana. Waliowahi kuitwa: mmoja, hayuko hai. Asili: mji huu. Maana: haijulikani. Umri uliofikiwa: chini ya wiki mbili. Fungu la mtoto limepangwa kulingana na umri huo. Hongera kwa kumpata mtoto."

Alibonyeza kidude isomwe tena, ikasomwa vilevile, na hongera ikarudiwa vilevile. Kioo chini ya kiganja chake kilikuwa bado na joto, lakini si lile la asubuhi.

"Bibi, Siulizwi ni nani?"

Furaha ilimtoka yule mzee usoni. Alitazama taa, akamtazama mjukuu wake. Hakujua kusoma ile rangi, ila kuisoma hofu ya mtu hakuhitaji kufundishwa.

"Nimefanya nini?"

"Niambie kwanza ni nani."

Bibi alikaa kitandani. "Alikuwa mdogo wangu, wa mwisho kwa mama. Ndio kwanza viota vimeletwa hapa Ikangala, watu wanakuja kuvishangaa. Mama akawekewa mtoto wake humo, akaambiwa lala, upumzike. Umeme ulikuwa mdogo siku zile. Mtambo ukapiga hesabu zake, ukaona huyu ni dhaifu, umeme wake upelekwe kwingine. Mama alipoamka, kioo kimepoa. Nilikuwepo, nilikuwa msichana mdogo, nilimwona anavyokigusagusa." Bibi aliifuta mikono yake kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Hakuna aliyemuuliza. Na mtoto alikuwa hajapewa jina. Akampa hapohapo, mtoto ameshapoa, akalisema mbele ya mtambo ili ulisikie: Siulizwi. Halafu akatubeba, tukapanda mlimani, hatukurudi tena kuishi mjini."

"Na leo umelitaja mbele ya huohuo."

"Mlimani tunawataja wote, Tusekile. Hakuna anayeandika."

Muuguzi wa zamu aliingia wakati huo, ameitwa na taa. Aliitwa Sista Sekela, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka, aliyewazalisha wengi wa waliolala mle. Alimwamkia Bibi, akainama kusoma kwenye kiota, na alipoinuka hakuwa na ule utani wake wa kila siku.

"Waliowahi kuitwa, mmoja," alisema. "Tangu nianze kazi sijaona jina lenye mtu mmoja."

"Lifute, Sista."

"Halifutiki. Zamani yalikuwa yanafutika, watu wakawa wanabadilisha majina ya watoto kila wiki wakifukuzia fungu nono. Wakaiziba njia hiyo."

"Lakini huyo mtoto aliuawa na mtambo wenyewe! Walimzimia umeme wao! Sasa kifo walichokisababisha wao ndiyo sababu ya kumnyima wangu?"

"Mlezi haujui sababu ya kufa, mama. Unajua umri tu." Sekela aliyasema hayo bila kumtazama. "Nitapeleka malalamiko. Nitayapeleka sasa hivi. Ila nisikudanganye, yakijibiwa mapema ni wiki ijayo, na hii taa haingoji wiki ijayo."

Tusekile alishika nguzo ya kitanda. "Kuna njia gani nyingine? Usinifiche."

Sista Sekela alichungulia kitanda cha jirani. Kulikuwa na msichana amelala fofofo, na mtoto wake wa kilo nne kwenye kiota kilichong'aa buluu. Alishusha sauti hadi mnong'ono.

"Chungu cha jina kikipata mtu mwingine, kinajaa. Mtoto mwingine akipewa Siulizwi, mwenye nguvu, fungu lake la kuzaliwa linaingia humo, wako anachota. Lakini na huyo mwingine naye atakuwa anakula chungu kilekile. Akiugua hata surua, ameumia. Hiyo ndiyo ya kwanza, na mimi sijakuambia."

"Ya pili?"

"Mtu mzima anaweza kushuka. Kupanda kumezuiwa, kushuka kunaruhusiwa. Unaacha jina lako, unachukua hilo. Miaka yako uliyoishi inamiminwa kwenye chungu. Ila wewe mwenyewe kwa hesabu za Mlezi utakuwa umeshapita umri wa jina. Hutakuwa na fungu. Dawa hupewi, joto hupewi, mlango haukufungulii. Hakuna kurudi." Alivuta pumzi. "Sijaona mtu akifanya hivyo, na sikushauri. Una maziwa ya kumnyonyesha."

Akatoka kwenda kuandika malalamiko yake, viatu vikilia sakafuni.

Bibi alisimama. "Mimi ndiye niliyelitaja. Nichukueni mimi. Nina miaka mingi kuliko nyote." Akapeleka mdomo kwenye kiota, akasema kwa nguvu kwamba yeye ni Anganile na anachukua jina la mdogo wake. Kiota hakikujibu. Alirudia, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kwa Mlezi hakukuwa na mtu yeyote pale.

*

Mtoto hakulia tena, na ukimya huo sasa ndio uliotisha. Tusekile alikuwa anaweka kiganja juu ya kioo, anakiondoa, anakiweka tena. Kilikuwa kinapoa. Alijaribu kujidanganya kwamba ni mikono yake iliyopata baridi.

Alijiwazia mlango usiomfungulia. Aliwahi kumwona mtu wa namna hiyo utotoni, mwanamume aliyefutwa kwa kosa fulani, amesimama kwenye mvua mbele ya duka la dawa akitaja jina lake mara kwa mara kwenye mlango uliofungwa, na watu wakipita pembeni yake bila kumtazama. Aliogopa. Hakuna haja ya kumpamba. Aliogopa kwa ajili ya mtoto na aliogopa kwa ajili yake mwenyewe, na hofu ya pili iliionea aibu ya kwanza.

"Nkamu, ndugu yangu," sauti iliita kutoka kitanda cha pili.

Yule msichana alikuwa ameamka. Aliitwa Ndimbumi, alitoka bonde la chini, na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na uso wa mtu anayependa kila anayemwona. Tangu alipolazwa hakuacha kusimulia jinsi ukoo wa mume wake unavyogombania jina la mtoto, upande huu ukitaka la babu na upande ule la shangazi, mpaka siku zinapita mtoto hana.

"Nilikuwa nasikia usingizini," Ndimbumi alisema. "Bibi amelitaja jina, mtoto akanyamaza hapohapo. Nimesisimka mwili mzima. Siulizwi, eti?"

"Ndiyo," alisema Tusekile.

"Zuri sana! Jina lenye usingizi. Wangu naye akianza kulia hataki mchezo." Alijiinua, akaketi, akamtazama binti yake aliyenona kwa mapenzi yasiyo na hofu yoyote. "Nimechoka na ugomvi wa wakwe. Nikimpa hilo, si babu, si shangazi, wote wananyamaza. Utakasirika tukichangia?"

Tusekile aligeuza macho. Taa ya kiota cha binti yake ilikuwa njano iliyoiva, inakaribia kuwa rangi ya chungwa.

"Ila niambie," Ndimbumi aliendelea. "Lina watu? Maana mama alinisisitiza, uliza kwanza kama jina lina watu."

Ndilo lilikuwa swali lenyewe, limeulizwa kwa upole, na jibu lake lilikuwa neno moja tu. Taarifa ilisomwa sikioni kwa Tusekile peke yake. Mtoto wa yule msichana alikuwa wa kilo nne. Angeweza asiugue kabisa. Watoto wengi hawaugui.

"Wapo," Tusekile alisema.

Bibi Anganile aligeuza kichwa, akamtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na laiti ingekuwepo ingekuwa afadhali.

"Basi vizuri!" Ndimbumi alishuka kitandani kwa uangalifu, akishikilia tumbo kama wanavyofanya waliojifungua juzi. Akapitisha mkono kwenye tundu la kiota chake, akamgusa mtoto, naye mtoto akageuza uso kuutafuta ule mkono. "Haya, mama. Sikiliza jina lako."

Tusekile alimwona yule mtoto akiutafuta mkono. Aliona pia, bila kutaka, mwanamke mwingine wa zamani aliyeamka na kukuta kioo kimepoa kwa sababu waliokuwa macho waliamua bila yeye. Alikuwa macho yeye sasa.

"Usilitaje!"

Ndimbumi alishtuka, akautoa mkono. "Kuna nini?"

"Nimekudanganya. Halina watu. Lina mmoja, na alikufa humuhumu, mchanga. Wangu taa yake inageuka, iangalie. Nilitaka fungu la wako." Maneno yalimtoka yakigongana. "Mpe jina la babu. Mpe la shangazi. Mpe lolote lenye watu, Ndimbumi, leo hii."

Yule msichana alirudi nyuma hadi kitanda kikamgusa. Alimkumbatia mtoto kwa kukikumbatia kiota, mikono miwili juu ya kioo, na akamtazama Tusekile kama anavyotazamwa mbwa aliyedhaniwa mpole. Tusekile hakumlaumu.

Alikigeukia kiota chake. Hakutaka kupewa nafasi ya kufikiri, maana alijijua.

"Mimi Tusekile," alisema karibu na kioo, "nashuka. Nachukua jina la binti yangu. Siulizwi."

"Tusekile," kiota kilijibu kwa upole uleule. "Jina unaloliacha lina watu wengi. Jina unalolichukua lina umri ulioshaupita. Utabaki bila fungu. Uamuzi huu haurudishwi. Umekubali?"

Mtambo ulimuuliza. Kwa mara ya kwanza tangu jina lile lisikike, kulikuwa na aliyeulizwa.

"Nimekubali."

Palipita kitambo. Kisha taa ikatetemeka, ikafifia, na polepole ikarudi buluu. Chini ya kiganja chake joto lilianza kupanda. Mtoto alipiga mwayo.

"Kitatosha mpaka lini?" Tusekile aliuliza. "Hicho chungu, kitatosha mpaka lini?"

Kiota hakikujibu. Hakikuwa kinamsikia tena.

*

Kitanda chake kilipoa kwanza. Kisha kidude cha sikioni kikafa. Sista Sekela aliporudi alikuta taa buluu, akashangilia, halafu akaona blanketi la umeme limezimika na akaelewa. Alikaa chini, yeye ambaye hakai chini akiwa zamu.

"Mlango utafungwa ukiwa ndani, na kengele italia," alisema hatimaye. "Inabidi utoke mwenyewe, dada yangu. Maziwa nitakuwa nayafuata pale dirishani asubuhi na jioni. Nitakuinulia mtoto umwone. Akiweza kupumua mwenyewe nitakuletea mikononi, naapa."

"Na asipoweza kabla chungu hakijaisha?"

Sekela alimfunga kitenge vizuri kifuani, kama anavyofungwa mtoto wa shule.

Walitoka kwa mlango aliousukuma Sekela, Tusekile na Bibi yake, wakaingia kwenye ukungu na manyunyu. Mlango ukajifunga. Tusekile aligeuka papo hapo, akaweka kiganja juu yake kama alivyozoea maisha yake yote, akataja jina la zamani, kisha akataja jipya. Mlango ulibaki mlango. Hofu ilimpanda kutoka miguuni, akaanza kuusukuma kwa bega.

"Acha," Bibi alisema, akimwondoa mikono pale taratibu. "Acha, mwanangu. Na mama alifanya hivyohivyo." Alimvika shuka lake zito lenye harufu ya moshi. "Moto upo. Viazi vipo. Nimeishi bila wao mpaka nimezeeka, nawe nitakuonyesha. Ila leo hatupandi. Leo tunakaa hapa dirishani."

Dirisha lilikuwa limejaa mvuke. Tusekile aliufuta kwa nje bila faida, mvuke ulikuwa wa ndani. Aliona tu doa la buluu, na kivuli cha Ndimbumi kimesimama mbali nalo, mtoto wake begani.

Kisha mtoto wa Tusekile akaanza kulia. Kilikuwa kilio kilekile cha tangu juzi, kinapita kwenye kioo na ukuta, na Sekela alikuwa ameitwa wodi nyingine. Tusekile alijibandika dirishani. Alijua kifua kinavyobonyea. Aligonga kioo, akaita, lakini mvua ilikuwa imeongezeka juu ya mabati, na kule ndani hakuna aliyegeuka.

Kile kivuli kilisogea. Ndimbumi alikwenda mpaka kwenye kiota, akasita, akatazama nyuma kama mtu anayehofia kuonekana. Halafu akainama, akapitisha mkono kwenye tundu. Wake alikuwa ameshapata jina la shangazi, hakuwa tena na cha kuogopa kwa kulitaja hili.

"Siulizwi," aliita. Sauti ilifika nje imefifia. "Siulizwi, mama, nyamaza."

Mtoto alinyamaza.

Na nje, kwenye manyunyu, mama yake aliyelowa hadi mifupani alijikuta amefungua mdomo, kwa sababu ni jina lake pia, na hakuna mwingine wa kumwita.

"Abee," aliitika.